Kuamini Kama Mtoto Bila Kuwa na Akili za Kitoto

Hapa Mombasa, mtu mzima akiambiwa kwamba ana mambo ya kitoto, amekwisha kutukanwa. Huenda ndiyo sababu waumini wengi husikia maneno ya Yesu katika Mathayo 18:3, "Msipoongoka na kuwa kama vitoto, hamtaingia kamwe katika ufalme wa mbinguni," wakaitikia amina kwa heshima, kisha wakarudi nyumbani bila kujua wayafanyie nini. Mtu wa miaka 45 anayelipa kodi ya nyumba Kisauni, anayesomesha watoto watatu na kumuuguza mzazi wake, atakuwaje kitoto? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Kabla ya kutenda lolote, soma sura hiyo kuanzia aya ya kwanza, kwa maana anayeanzia aya ya tatu hupotea. Wanafunzi walikuwa wameuliza ni nani aliye mkuu katika ufalme wa mbinguni, na mtoto aliyesimamishwa katikati yao ndiye aliyekuwa jibu la swali hilo la ukubwa. Hakusifiwa kwa usafi wa moyo, na yeyote aliyelea mtoto wa miaka miwili anafahamu kwamba usafi huo una mipaka yake. Jambo lililotajwa ni unyenyekevu: katika jamii ile mtoto hakuwa na cheo wala sauti mbele ya watu wazima, na hakuwa na chochote cha kudai. Marko analionyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Katika sura ya 10, mara tu Yesu anapomaliza kuwakumbatia watoto na kuwabariki, anakuja mtu mwenye mali nyingi anayetaka kujua afanye nini ili aurithi uzima wa milele, naye anaondoka kwa huzuni. Watoto walikuja mikono mitupu wakapokea, na yule alikuja mikono imejaa. Punde si punde, katika aya ya 24, Yesu anawaita wanafunzi wake, wanaume wenye ndevu, "Watoto."

Anza basi na cheo, kwa kuwa hapo ndipo pagumu zaidi. Jumapili moja kaa kiti cha nyuma, hata kama wahudumu wa mlangoni wamezoea kukupeleka mbele. Ikiwa kuna harambee, toa bila jina lako kusomwa. Katika jumuiya ndogondogo au ushirika wa nyumbani, mwache kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi aongoze somo, nawe usimsahihishe mpaka amalize. Haya ni mazoezi ya nje, nami nakiri kwamba mtu anaweza kukaa kiti cha nyuma huku akijisifu moyoni kwa kukaa nyuma. Zoezi linalouma kweli ni kupokea. Watu wazima wa mji huu wamezoea kusema "tuko sawa, alhamdulillahi" au "tuko sawa, Bwana asifiwe" hata siku ambayo umeme umekatwa na unga umekwisha. Chagua jambo moja linalokulemea, litaje mbele ya wenzako wawili au watatu unaowaamini, uombe wakuombee, na wakileta msaada, upokee bila kuahidi hapo hapo kwamba utaurudisha. Utashangaa jinsi mkono unavyokuwa mzito.

Baada ya hapo rekebisha namna unavyoomba. Mtoto anapotumwa dukani hapeleki sifa zake. Anasimama mbele ya kaunta, anasema, "Mama amesema umpe nusu kilo ya sukari, atakuja kulipa jioni," na mwenye duka humpa kwa sababu anamfahamu mama. Kuomba kwa jina la Yesu, kama kunavyofundishwa katika Yohana 16, ni kitu cha namna hiyo, ingawa wengi wetu tumeligeuza jina hilo kuwa muhuri wa kufungia maombi. Kwa muda wa wiki mbili, ondoa katika sala zako kila sentensi inayomweleza Mungu jinsi ulivyojitahidi. Taja unachohitaji kwa maneno ambayo ungeyatumia jikoni, kwa sauti yako ya kawaida, na ukimaliza, nyamaza. Sala itafupika sana, pengine iishe kwa dakika tatu, na ufupi huo usikutie hofu.

Hapa sharti nisimame kidogo, kwa sababu kuna kosa ambalo katika pwani yetu limegharimu roho za watu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola ulioko kaunti jirani ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, watoto wakiwamo, kutoka katika kundi lililoaminishwa kwamba kwa kufunga hadi kufa watakutana na Yesu. Mtu yeyote akikwambia kwamba imani ya mtoto ni kutii bila kuuliza, kumbuka msitu huo, kisha umkumbuke mtoto halisi unayemjua, anayeuliza kwa nini bahari ina chumvi na kwa nini babu hafufuki, tena haridhiki na jibu la kwanza. Paulo aliwaandikia Wakorintho wasiwe watoto katika akili zao, bali katika uovu ndipo wawe kama watoto wachanga (1 Wakorintho 14:20). Watu wa Beroya nao walisifiwa kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku ili kuona kama mambo waliyoambiwa na mtume ndivyo yalivyo (Matendo 17:11). Kwa hiyo, unaposikia mahubiri yanayokutaka ufanye jambo zito, kama vile kuacha dawa, kuuza shamba au kumtoa mtoto shuleni, fungua aya iliyotajwa usome sura yake yote, mweleze mwenzi wako na mtu mmoja asiye wa kanisa hilo, na umuulize mhubiri mwenyewe uso kwa uso. Akikasirika kwa kuulizwa, umepata jibu. Mtoto humtegemea Baba, na mhubiri ni ndugu yako tu aliyesimama juu ya jukwaa.

Kwa sababu hiyo hiyo siupendi sana ule mfano unaopendwa na wahubiri wetu, wa mtoto aliyelala mgongoni mwa mamaye ndani ya feri ya Likoni bila kujali mawimbi. Mtoto yule amelala, na kulala si kuamini. Anayefanana zaidi na muumini mzima ni yule mama aliyemfunga kwa leso: anaona msongamano, anasikia injini, anajua kina cha mkondo ule, na bado anapanda.

Mfano ulio bora umo katika Zaburi ya 131, yenye aya tatu tu, ambamo mwimbaji anasema ameituliza nafsi yake "kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Angalia neno "aliyeachishwa." Katika nyumba za pwani wamekuwapo kina mama waliopaka shubiri kwenye titi ili kumwachisha mtoto ziwa, naye huonja uchungu pale alipozoea utamu, akalia usiku kucha akidhani mama amemgeuka. Baada ya siku kadhaa anarudi kwenye kifua kile kile, safari hii bila kutafuta maziwa, akalala. Hiyo ndiyo hatua ambayo mtu mzima anaitiwa, na haiji bila kulia. Chukua ombi moja ulilolirudia kwa miaka bila kupata ulichotaka. Kwa siku saba, usiliombe. Isome zaburi hiyo polepole asubuhi au usiku, ukae kimya kwa dakika kumi, na moyo ukilalamika, uache ulalamike kwa Mungu. Ukikosa maneno kabisa, azima yale ya baba wa kijana aliyekuwa na pepo katika Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yalisemwa na mzazi aliyechoka, na mwanawe akaponywa.

Kuachishwa kwa namna hiyo kulimpata mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa ilimuua Rosina na binti yao aliyekuwa amezaliwa siku chache tu zilizotangulia, na kaburi liko upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Rebmann walihamia Rabai kuanzisha misheni. Sidai kwamba hakulia, wala kwamba alielewa kwa nini. Nataja tu kwamba wakati ule hakuondoka.

Yasalia zoezi moja, na linatokana na aya ya tano ya Mathayo 18, ambayo hunukuliwa kwa nadra kuliko zile zilizoitangulia: anayempokea mtoto mmoja kama huyu kwa jina la Yesu ampokea Yesu mwenyewe. Omba ruhusa kwa viongozi wa shule ya Jumapili kanisani kwako ukae na watoto kwa mwezi mmoja, si kama mwalimu, bali kama msaidizi wa kugawa penseli na kufuta makamasi. Keti kwenye mkeka wao. Mtoto akikuuliza Mungu analala saa ngapi, usimkimbize na jibu la haraka. Mweleze unachokijua, na usichokijua mwambie hukijui, kisha mfikiri pamoja mpaka kengele ya ibada ya pili ilie.