Somo: Kukagua sahihi ya programu, na kujua antivairasi inapokosea

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, aliniletea laptopu yake ikiwa na shida ya ajabu. Programu ya kuandika mizani na madeni, aliyotengenezewa na kijana wa chuo, ilikuwa inatoweka kila asubuhi. Antivairasi ilikuwa inaifuta. Kijana alimshauri azime antivairasi, naye akazima. Wiki tatu baadaye flashi iliyotoka kuprinti steshenari ikamwachia virusi vya kweli, na daftari lote la wadaiwa likageuka shotikati zisizofunguka.

Programu ya kijana ilikuwa safi, nimeikagua mwenyewe. Kilichomponza mama yule ni kuzima ulinzi wote kwa sababu ya kengele moja ya uongo, na hili naliona kila mwezi. Ndiyo maana naandika.

Kwanza tuelewane kuhusu sahihi. Mtengenezaji huikokotoa programu yake mpaka apate heshi, namba ndefu inayolitambulisha faili hilo peke yake. Heshi hiyo huifunga kwa ufunguo wake wa siri, kisha huambatanisha cheti kinachoeleza ufunguo ni wa nani. Akija mtu akabadilisha hata herufi moja ndani ya faili, hesabu haikubali tena. Kwa hiyo sahihi inakujibu maswali mawili tu: nani ametia, na je, faili limeguswa tangu atie. Kama huyo mtu ni mwema, sahihi haijui.

Hatua ya 1. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Digital Signatures". Chagua jina lililopo, bonyeza "Details". Unatafuta maneno "This digital signature is OK". Halafu soma jina la aliyetia, herufi kwa herufi. Jina linalofanana na la kampuni unayoijua si jina lake.

Hatua ya 2. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwenye folda yenye faili, andika:

Get-AuthenticodeSignature .\jina.exe

Ikijibu Valid, sahihi imekubali. NotSigned maana yake haina sahihi, na hilo peke yake si kosa. Ikijibu HashMismatch, faili limebadilika baada ya kutiwa sahihi, kwa hila au kwa kuharibika njiani. Futa, hata kama antivairasi imenyamaza, upakue upya kutoka kwa mwenyewe.

Hatua ya 3. Andika Get-FileHash .\jina.exe, utapata heshi ya SHA256 yenye herufi 64. Ilinganishe na ile aliyoitangaza mtengenezaji. Ila kumbukeni yaliyoipata Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta, tarehe 20 Februari 2016: wahalifu waliingia kwenye tovuti yao wakageuza kiungo, watu wakapakua mfumo uliotobolewa mlango wa nyuma. Mtu aliyeweza kubadilisha kiungo anaweza kubadilisha na heshi iliyoandikwa pembeni yake. Kama mtengenezaji ametia sahihi orodha ya heshi kwa GPG, programu ya kutia na kukagua sahihi, kagua na hiyo.

Hatua ya 4, na hapa ndipo bando linapookolewa. Usipandishe faili zima VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja. Nakili heshi, ibandike kwenye sehemu ya kutafuta. Kama kuna aliyewahi kulipeleka, majibu ya antivairasi takriban 70 yatatokea. Tena faili ukilipandisha linabaki kwao, na kampuni za usalama zinaweza kulichukua. Lenye siri za wateja wako lisiende huko.

Kusoma majibu kunahitaji utulivu. Mbili tatu zikilia kati ya zote, kwa majina ya jumla yenye "Heur", "Gen" au "!ml" mwishoni, zinakisia tu kwa kufananisha. Programu ya yule kijana iliandikwa kwa lugha ya Python ikafungashwa kuwa faili moja kwa PyInstaller, na waandishi wa virusi nao hufungasha hivyo hivyo. Lakini antivairasi nyingi kubwa zikitaja ukoo mmoja wa virusi, hiyo si kengele ya uongo.

Na kubwa hukosea pia. Tarehe 21 Aprili 2010 McAfee ilitoa sasisho lililoliona svchost.exe, faili muhimu la Windows XP, kuwa kirusi, na kompyuta nyingi duniani zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma.

Hatua ya 5. Ukiridhika, ruhusu faili hilo moja. Usiruhusu folda ya Downloads nzima, na antivairasi iache iwake. Kisha litume kwa kampuni ya antivairasi walikague. Microsoft wana ukurasa wa kazi hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Nansio: Fundi, 7-Zip yangu, ile ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, haina sahihi. Niitupe?
Jibu: Hapana. Kwa miaka mingi imetoka bila sahihi. Hakikisha tu umeitoa 7-zip.org.

Sengerema: Shikamoo fundi. Cheti kinaonyesha kimeisha muda 2021, ila sahihi inasema OK. Inakuwaje?
Jibu: Marahaba. Kuna muhuri wa muda unaothibitisha kuwa sahihi ilitiwa cheti kikiwa hai. Inatosha.

Igoma: Kraki ya Microsoft Office, ya kuitumia bila kulipa, wameandika "zima antivairasi, ni kengele ya uongo". Kweli?
Jibu: Ndugu yangu, kraki nyingi hufanya kazi kwa kubadilisha faili la mwenyewe, na likibadilishwa sahihi huvunjika. Hatua zangu zote hazikusaidii hapo, maana hakuna mtu wa kuulizwa. Weka LibreOffice, ni bure.

Bukoba: Sahihi ni Valid lakini antivairasi inalia. Nimwamini nani?
Jibu: Usimpuuze anayelia. Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa 2010, kilitembea na vyeti vilivyoibwa kwa kampuni za Realtek na JMicron. Mwaka 2017 CCleaner 5.33, programu ya kusafisha kompyuta, ilitoka na sahihi halali ya kampuni ikiwa na kirusi ndani, na zaidi ya watu milioni 2 walikuwa nayo. Acha faili karantini, pale antivairasi inapolifungia, siku mbili tatu, sasisha antivairasi, tafuta heshi ile ile tena VirusTotal. Idadi ya wanaolia ikipungua, endelea. Ikiongezeka, umejibiwa.