Jinsi ya Kuichunguza Historia ya Kasri la Beit el-Sahel, Zanzibar

Anayetaka kuifahamu vyema historia ya Beit el-Sahel, kasri la zamani la masultani lililopo Mizingani, Mji Mkongwe, aanze kwa kutenganisha kiwanja na jengo, kwa kuwa makosa mengi ya tarehe hutokana na kuvichanganya viwili hivyo. Kiwanja kilikaliwa tangu enzi za Sayyid Said bin Sultan, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Jengo tunaloliona leo ni la baadaye, kwani la awali liliharibiwa kwa mizinga ya manowari za Uingereza tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipojitwalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza.

Kisha atafute picha za kale za ufukwe huo na kuzipanga kwa miaka. Kipimo kizuri ni mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya Beit el-Ajaib, jumba la kifalme lililo jirani na kasri hilo: ulivunjwa katika mashambulizi yale yale, hivyo picha inayouonesha ukiwa mzima ilipigwa kabla yake. Ndivyo ilivyo kwa Beit el-Hukm, jumba lililokuwa kati ya Beit el-Sahel na Beit el-Ajaib, ambalo halikujengwa tena.

Kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Said, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ni hazina isiyo na mfano, kwa sababu aliishi Beit el-Sahel na anasimulia maisha ya ndani ambayo mabalozi wa kigeni hawakuyaona. Hata hivyo, msomaji asivitafute vyumba vyake katika jengo la sasa. Chumba kilichotengwa kwa heshima yake kiliandaliwa na makumbusho.

Matumizi ya baadaye ni rahisi kuyafuatilia: makazi ya Sultan Khalifa bin Harub kuanzia 1911 hadi 1960, ofisi za serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na makumbusho tangu 1994. Samani za Khalifa zichunguzwe kwa utulivu, maana zinaeleza maisha ya mtawala aliyekuwa chini ya himaya ya Uingereza kuliko maelezo yoyote ya ukutani.

Kwa kuwa Beit el-Ajaib iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, mgeni aulize kwanza kama kasri limefunguliwa. Likiwa limefungwa, aende Nyaraka za Taifa, Kilimani, akaombe picha na hati za kipindi anachokichunguza.