Trikoderma Dhidi ya Uozo wa Mizizi ya Chai: Anza na Visiki

Mchai ukifa peke yake katikati ya wenzake, majani yakageuka njano kisha yakakauka bila kudondoka, usikimbilie kulaumu jua. Fukua shinani. Gome likiwa limepasuka kwa urefu, libandue kwa kisu. Ukikuta utando mweupe kama karatasi laini, umeshikamana na mti na unanuka uyoga, hiyo ni Armilaria. Inasumbua chai ya nyanda za juu, Kericho hadi Mufindi, hasa mashamba yaliyofunguliwa msituni, maana kuvu hii huishi miaka mingi ndani ya visiki na mizizi iliyofukiwa, na huhama mizizi inapogusana.

Trikoderma ni kuvu rafiki. Hukua upesi, huiwahi Armilaria kwenye chakula, hujisokota kwenye nyuzi zake na kuziyeyusha. Lakini haiponyi mchai ambao shina lake limeshazungukwa na utando, wala haifikii kiini cha kisiki kizima kilicho chini sana. Anayemwaga Trikoderma juu ya visiki anatupa pesa.

1. Ondoa mbao ardhini
Ng'oa mchai uliokufa. Fukua mashina ya jirani zake wote. Yenye utando nayo yang'olewe. Chimba sentimita 60 kwenda chini, zaidi mizizi ikikuongoza, na uokote kila mzizi wenye unene wa penseli au zaidi. Choma hapohapo, usiiburute katikati ya mistari mizima. Kazi nyingi huharibikia hapa, kwa kipande kimoja kilichosahauliwa.

Kama bado una miti ya kukata, vua gome kuzunguka shina lote na uiache isimame mwaka mmoja au miwili ikauke. Mizizi yake huishiwa wanga, na Armilaria hupungukiwa chakula.

2. Zidisha Trikoderma kwenye samadi
Nunua unga uliosajiliwa, ambao tarehe yake haijapita na haukukaa juani dukani. Hivi ni viumbe hai. Changanya kilo 1 na kilo 100 za samadi ya ng'ombe iliyoiva, chini ya kivuli. Nyunyizia maji, kisha kamata konzi moja na uibane: ishikane bila kuchuruzika. Funika kwa magunia mabichi na ugeuze kila baada ya siku 3 au 4.

Baada ya wiki mbili hivi utaona nyuzi nyeupe zenye unga wa kijani. Ingiza mkono ndani ya lundo: likichoma au likinuka mkojo, samadi haikuiva, na joto hilo linaua Trikoderma. Samadi mbichi ya kuku ndiyo mbaya zaidi. Usitie majivu wala chokaa; chai na Trikoderma zote hupenda udongo wenye asidi.

3. Peleka shambani
Subiri mvua zishike, udongo uwe na unyevu. Kwenye shimo la mche mpya, changanya nusu kilo ya samadi hiyo na udongo wa juu, mizizi iuguse mchanganyiko huo. Kwa michai mizima inayozunguka pengo, chimba kijifereji cha kina cha sentimita 10 kuzunguka shina, weka kilo 1, fukia, kisha tandaza majani ya kupogolea. Fanya jioni au siku ya mawingu. Rudia mvua za msimu unaofuata.

Usichanganye na dawa za ukungu, zikiwemo za shaba, wala usizimwage hapo wiki chache kabla au baada. Bomba lililobeba dawa hizo lisafishwe vizuri au lisitumike kabisa.

4. Kagua
Kila miezi mitatu fukua mashina machache kuzunguka pengo. Mchai mwingine ukianza kunyauka upande uleule, usiongeze Trikoderma kwanza. Chimba kuelekea huko: kuna mzizi umebaki.