ST-Link Haiioni Chipu: Namna Ninavyotafuta Tatizo

Kazi yangu ni kutengeneza vidhibiti vya joto vya mashine za kutotolesha vifaranga. Ndani ya kila kimoja mna ile bodi ndogo ya buluu yenye chipu ya STM32F103C8, na programu naiingiza kwa ST-Link V2 ya bei nafuu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na chipu, ile yenye umbo la flashi. Vijana wanaojifunza kwangu wakiona haiungani, hukimbilia kufuta programu za kompyuta na kuziweka upya. Acha kwanza. Soma OpenOCD, programu ya kompyuta inayoongea na chipu kupitia ST-Link, imeandika nini, kwa maana njia ina vipande viwili: kompyuta hadi ST-Link, na ST-Link hadi chipu. Ujumbe unakuambia ni kipande kipi kimekatika.

Ninaianzisha hivi:

openocd -f interface/stlink.cfg -f target/stm32f1x.cfg

Ikijibu "Error: open failed", chipu usiiguse, haihusiki. Kompyuta haijaiona ST-Link. Kwenye Linux andika lsusb utafute 0483:3748. Haipo? Badilisha tundu la USB, na kama unatumia waya wa kurefushia, uchomoe. Ipo lakini unaambiwa LIBUSB_ERROR_ACCESS? Hiyo ni ruhusa tu: weka kanuni za udev (za ruhusa za vifaa kwenye Linux) zinazokuja na OpenOCD, kisha chomoa na uchomeke tena. Kwenye Windows mara nyingi ni draiva. Kipande hiki hakina mengi.

Shughuli pevu ni ujumbe huu: "init mode failed (unable to connect to the target)". Hapo ST-Link ni nzima, ila upande wa pili hakuna anayeitika.

Chukua mita. Pima kati ya 3.3 na GND kwenye bodi yenyewe, si kwenye ST-Link. Nataka kuona volti 3.3 au karibu na hapo. Ule mstari wa "Target voltage" usikudanganye: ST-Link nyingi za kuiga hupima umeme wao wenyewe, kwa hiyo zitakuandikia 3.2 hata kama hujaunganisha kitu. ST-Link halisi ya mezani ni kinyume chake. Pini yake ya volti inapima tu, haitoi umeme, hivyo bodi lazima uipe umeme wa kwake.

Halafu nyaya za SWD, njia ambayo ST-Link inaongea na chipu. SWDIO inakwenda PA13, SWCLK inakwenda PA14, na GND ni lazima hata kama bodi ina umeme wake. Mpangilio wa pini kwenye hizi za kuiga hutofautiana, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye gamba la hiyo uliyoishika, usifuate picha ya mtandaoni. Pima kila waya kwa mlio wa mita huku ukiutikisa. Hizi nyaya za rangi hukatikia ndani kwenye kichwa, na kwa nje hazionyeshi kitu. Ikiungana na kukatika, fupisha nyaya na upunguze kasi kwa kuongeza -c "adapter speed 240" mwishoni. Ukiona imeandika kwamba haipati 1000 kHz na inatumia 950, hilo si kosa, endelea.

Sasa tuseme umeme upo, nyaya ni nzima, na jana bodi hiyohiyo ilikubali. Hapo naishuku programu iliyomo ndani ya chipu, na mara nyingi ndiyo yenyewe. PA13 na PA14 ni pini za kawaida pia, na programu inaweza kuzinyang'anya dibaga, yaani ST-Link. Kwenye CubeMX, programu ya kampuni ya ST ya kuandalia msimbo, usipochagua "Serial Wire" kwenye sehemu ya SYS, msimbo unaotoka unaweza kuifunga SWD. Programu inaingia vizuri mara ya kwanza, inaanza kukimbia, na kuanzia hapo mlango umefungwa. Wengine huufunga kwa mkono wao: wanataka PB3 au PB4 iendeshe rilei, pini hizo ni za JTAG (njia nyingine ya dibaga), basi wanazima JTAG na SWD kwa pamoja. Zima JTAG peke yake, kwa __HAL_AFIO_REMAP_SWJ_NOJTAG(), na SWD itabaki.

Bodi haijafa. Hamisha jampa ya BOOT0 iende 1, BOOT1 ibaki 0, bonyeza riseti. Chipu itaanzia kwenye programu ya kiwandani badala ya yako, na SWD itakuwa wazi. Ukiwa hapo futa kila kitu:

openocd -f interface/stlink.cfg -f target/stm32f1x.cfg -c "init; reset halt; stm32f1x mass_erase 0; exit"

Rudisha BOOT0 kwenye 0, kisha ingiza programu uliyoirekebisha. Wengi watakushauri uunganishe chipu ikiwa imeshikwa kwenye riseti. Njia hiyo ni nzuri, lakini inahitaji waya wa NRST (pini ya riseti ya chipu), na kwenye baadhi ya ST-Link za kuiga pini ya RST haifanyi kazi na STM32. Jampa haina masharti hayo.

Limebaki moja la wanunuzi wa bei ya chini. Ukiona "UNEXPECTED idcode: 0x2ba01477" wakati OpenOCD ilitarajia 0x1ba01477, mawasiliano yapo, ila chipu si ya ST, ni ya kuiga. Ongeza -c "set CPUTAPID 0x2ba01477" kabla ya faili la target. Mimi chipu hizo nazitumia kwa majaribio tu, kwenye mashine ya mteja siziweki.

Na ukiwa na programu inayolaza chipu au kugusa pini hizo, weka kisubirisho cha sekunde mbili mwanzoni mwa main kabla ya kitu kingine chochote. Bonyeza riseti, na ndani ya sekunde hizo dibaga itaingia bila kugusa jampa.