Jinsi ya Kuokoa Kanda za Taarabu za Nyumbani: Niliyojifunza Wakati wa Kafyu

Kanda iliyolala kabatini miaka thelathini usiitie redioni siku hiyo hiyo uliyoipata. Najua hamu ilivyo. Mimi niliitia, na redio ikaila. Ilikuwa kanda ya arusi ya shangazi yangu, ya mwaka 1987, na dakika mbili za mwanzo za upande wa A hazikurudi tena. Haya yote ninayokueleza nimeyajifunza baada ya kanda ile, na sitaki yakufike.

Ilikuwa Mei 2020, Mji wa Kale, Mombasa. Kaunti ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona tangu tarehe 8 Aprili, hatoki mtu haingii mtu. Kafyu saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, mtaa wetu wenyewe ukawekewa vizuizi. Tarawehe tukasali sebuleni. Arusi zilizokuwa zikingojea Mfunguo Mosi ziliahirishwa, na usiku ulikuwa kimya hata mkokoteni husikii. Siku moja baada ya futari mama akaniambia nishushe mkebe wa biskuti juu ya kabati. Ndani mlikuwa na kanda 41. Chache za dukani, Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, lakini nyingi alizirekodi marehemu baba kwa mkono wake, maandishi ya wino wa buluu yakiwa yameanza kufifia.

Anza na hizo za kurekodi nyumbani. Kanda ya dukani iko kwa jirani na kwa jirani wa jirani. Ya arusi ya shangazi yako ni hiyo moja tu.

Itazame kwanza kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, hiyo ni kuvu, na unyevu wa pwani ndio chakula chake. Itie kwenye mfuko wake peke yake na usiipige, maana itachafua redio na redio itachafua nyingine zote. Kisha geuza upande wa juu, uangalie vile vijino viwili vya plastiki. Kama bado vipo, vivunje. Bila vijino, kitufe chekundu hakibonyezeki, na mtoto wa mtu hawezi kurekodi juu ya bibi yake.

Halafu penseli. Ipitishe kwenye tundu, uzungushe polepole. Ikiwa nzito, igonge kanda bapa kwenye kiganja mara mbili tatu, ujaribu tena. Lengo ni kujua kama utepe unakwenda, si kuuzungusha wote: kanda ya dakika 60 ina utepe wa karibu mita 90. Ikishalegea, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma kwa mashine nzima, ijipange upya.

Angalia pia kile kipande kidogo cha feliti kilicho katikati, juu ya chuma chembamba. Gundi yake huzeeka, kikaanguka, na sauti ikawa inakuja na kupotea. Hapa ndipo wengi huitupa kanda wakidhani imekufa, kumbe gamba lake la plastiki ndilo lililochoka. Tafuta kanda usiyoihitaji, yenye skrubu tano. Ilaze mezani, ifungue bila kuiinamisha, utoe utepe wake. Fungua ile ya kwako vivyo hivyo, kisha uinue magurudumu yote mawili kwa pamoja, kidole gumba huku na huku, uyahamishie kwenye gamba jipya. Usisahau zile karatasi nyembamba za plastiki, chini moja na juu moja; bila hizo utepe utakwaruza na kukwama. Gamba lisilo na skrubu limegundishwa, nalo hupasuliwa kwa kisu taratibu kufuata mstari wa maungio. Mara ya kwanza ilinichukua kuanzia futari mpaka karibu na daku. Ya kumi nilimaliza chai ikiwa bado ya moto.

Redio yenyewe isafishe kwa spiriti na pamba: kile kichwa kinachosoma utepe, na kijiti cha chuma kando yake. Sanitaiza haifai. Mwezi ule tulikuwa nazo kila pembe ya nyumba, lakini ile ya mafuta mazito huacha utando. Gurudumu la mpira lifute kwa maji yenye tone la sabuni. Endelea mpaka pamba itoke bila rangi ya kahawia. Kisha piga kwanza kanda usiyoijali, nusu saa nzima. Mimi hapo ndipo nilipokosea.

Sauti ikiwa kama imezibwa blanketi, kuna skrubu ndogo kando ya kichwa. Weka alama ya wino ilipo, halafu izungushe kidogo sana huku unasikiliza. Tashkota, kile kinanda cha nyuzi chenye vibonye, na vigelegele ndivyo vipimo vyangu: vikikata hewa, acha hapo hapo.

Kuingiza kwenye kompyuta ni kazi nyepesi. Waya kutoka tundu la spika za masikio hadi tundu la maikrofoni, programu ya Audacity, na kipimo cha sauti kisiguse wekundu. Hifadhi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti. Hula takriban MB 10 kwa dakika, kwa hiyo kanda ya dakika 60 ni MB 600 hivi. MP3 iwe ya kutumiana tu.

Ila usikate kitu. Kabla ya wimbo wa kwanza baba anahesabu moja, mbili. Mtu anakohoa. Ngoma ya dumbak inajaribiwa, fidla inatafuta sauti yake, na nyuma kabisa bibi anauliza kama wali wa wageni umeshatoka. Nyimbo unaweza kuzisikia kwingine. Bibi aliyefariki mwaka 2002 yumo mle tu. Mama alinirudisha sehemu ile mara nne, mara ya tano akazima taa.

Keti na wazee wakati unarekodi, si baadaye. Andika nani anawatunza waimbaji pesa, nani anaimba, nyumba ya nani. Jina la faili liwe mwaka, shughuli, mtaa, upande.

Na palipopotea, uliza. Nilimtumia shangazi faili yake Maskati, alikohamia baada ya arusi. Akapiga simu, akauliza mwanzo uko wapi. Nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza: nani alimshika mkono kuingia, zulia lilikuwa rangi gani, wimbo upi ulipigwa, na akauimba beti mbili kwa sauti ya chini kwa sababu mumewe alikuwa amelala. Nilirekodi, kwa ruhusa yake. Faili hiyo nimeipa jina lile lile la kanda, nikaongeza 00 mbele, ili isikike kwanza.