SOMO: Kukagua spana, soketi na racheti zenye chapa ya duka kabla hujatoa hela

Wadau salaam. Leo naleta somo la vifaa vya mkono vya gereji, hasa hivi vyenye chapa ya duka, manake hapa Tanga ukizunguka Ngamiani kwenye maduka ya spea na hadiwea utakuta seti kibao zinang'aa balaa ndani ya maboksi ya plastiki, kila moja na jina lake, na wengi wetu tunanunua kwa kuangalia jina, bei na mng'ao basi. Mi nasema jina liweke pembeni. Shika kipande mkononi ukikague chenyewe, kwasababu jina la duka halikuambii nani kakitengeneza.

Hatua ya 1: Elewa kwanza chapa ya duka ni kitu gani

Duka au muagizaji anaenda kiwandani, anasema nataka seti ya aina hii kwa bei hii, pigeni jina langu. Kiwanda kinapiga. Mwaka ujao akipata kiwanda kingine cha bei nzuri zaidi anahamia huko, jina linabaki lilelile na boksi lina rangi ileile. Hii sio mambo ya huku tu. Craftsman ya Marekani ilianza 1927 kama chapa ya maduka ya Sears, na kwa miaka mingi viwanda tofauti ndio vilikuwa vinaitengenezea Sears, halafu 2017 jina lenyewe likanunuliwa na Stanley Black & Decker. Kwa maduka mengine ya Marekani, Husky ni ya Home Depot, Kobalt ni ya Lowe's, Pittsburgh ni ya Harbor Freight, Parkside ni ya Lidl kule Ulaya. Baadhi ya hivi vinafika mpaka huku kwenye mizigo ya mitumba au ndugu anarudi navyo. Kwahiyo mtu akikwambia "chapa hii nzuri, ninayo toka zamani" muulize ya mwaka gani, manake yake na hiyo iliyopo dukani leo zinaweza zisiwe zimetoka mlango mmoja.

Na sisemi chapa za duka ni mbovu. Zipo nzuri sana kwa bei yake na ndo zinamsaidia kijana anayeanza. Ila ndani ya boksi hilohilo moja unaweza kukuta soketi safi na racheti ya hovyo.

Hatua ya 2: Soma maandishi, ila usiyaamini yote

Tafuta neno Chrome Vanadium au Cr-V kwenye mwili wa spana. Hicho ni chuma chenye kromiamu na vanadi, ndo kinatumika kwa spana na soketi nyingi za mkono. Angalia sana hapa, kikiandikwa "Chrome" peke yake au "Chrome Plated" hiyo inaongelea rangi ya juu tu, chini yake kinaweza kuwa chuma laini cha kawaida kimepakwa kroma. Soketi nyeusi za mashine ya upepo (ile ya kufungulia nati kwa hewa) mara nyingi ni Cr-Mo, yaani chuma chenye kromiamu na molibdeni, na biti na eleni ki nzuri nyingi utakuta zimeandikwa S2, chuma kingine kigumu.

Maandishi yawe yamepigwa kwenye chuma chenyewe, sio stika wala wino unaofutika kwa kidole. Namba za DIN (viwango vya Ujerumani) au ISO (vya kimataifa) zikiwepo ni dalili kwamba mtengenezaji alau anajua kuna kipimo cha kufuata. Ila maandishi ni maandishi, mtu yeyote mwenye mhuri anaweza kuyapiga, na hata chuma kikiwa Cr-V kweli bado kuna suala la kukipasha moto na kukizimisha inavyotakiwa. Kikikosewa hapo kinakuwa laini kama udongo wa mfinyanzi au kinakuwa kigumu kupitiliza kinapasuka.

Wauzaji wengine wanakuja na sumaku, "ona bosi, inashika, chuma orijino". Sumaku inashika hata msumari wa inchi nne. Kazi yake pekee hapo ni kukuonyesha kama kuna kipande cha aluminiamu au zinki kimejificha humo, zaidi ya hapo haikwambii kitu.

Hatua ya 3: Nenda na bolti zako mfukoni

Hii ndo hatua ninayoipenda na naomba muishike kuliko zote. Chukua bolti mpya tatu nne, kichwa namba 10, 12, 14 na 17, zisiwe zimeliwa wala hazina kutu. Mfukoni haziumi. Ukifika dukani vesha spana kwenye kichwa cha bolti halafu ichezeshe kushoto kulia. Lazima icheze kidogo, bila hivyo haiwezi kuingia, lakini ikiwa inazunguka sana kabla haijashika basi hiyo itasimama kwenye kona za nati badala ya kukaa kwenye ubavu, na kona ndo zinaliwa. Kama una venia kalipa (kile kipimo cha milimita chenye taya) pima mdomo. Namba 10 iwe imezidi 10 kwa kiasi kidogo sana, ikikaribia nusu milimita rudisha.

Halafu pima upande wa ringi, na pima zote ulizoenda nazo, usipime moja ukasema inatosha, manake saizi moja inaweza kuwa safi ya pili yake ikawa imelegea.

Kwanini nimetaja hizo namba? Gari nyingi hapa mjini ni za Kijapani, na vichwa vya bolti vya Kijapani vina mpangilio wake. Bolti ya M8 (uzi wa kipenyo cha milimita 8) kichwa chake 12, ya M10 ni 14, ya M12 ni 17, wakati kwa mtindo wa zamani wa Kijerumani M8 ni 13, M10 ni 17, M12 ni 19. Sasa seti zinajazwa 9, 11, 13, 15, 16, 18 ili idadi ya vipande isomeke kubwa kwenye boksi, na hizo kwenye Corolla utazigusa kwa nadra. Hakikisha 10, 12, 14, 17, 19 na 21 ndo zimetengenezwa vizuri, 21 ni ya nati za tairi kwenye Toyota nyingi.

Hatua ya 4: Soketi ichungulie

Ielekeze kwenye mwanga ukiangalia kupitia tundu la mraba. Ukuta uwe na unene sawa pande zote. Ukiona upande mmoja mnene mwingine mwembamba, tundu limetobolewa pembeni, na ule upande mwembamba ndo utapasukia. Ndani kusiwe na mabaki ya chuma yaliyosokotana, na kona ziwe zimetolewa duara kidogo ili nguvu ikae kwenye ubavu wa nati. Kati ya soketi ya kona 6 na ya kona 12 chukua ya 6, hasa kwa hizi za bei ya chini, ya 12 inaingia kirahisi sehemu finyu lakini nati iliyoanza kuchoka inaimaliza.

Hatua ya 5: Racheti

Hapa ndo chapa nyingi za duka zinapungukia. Racheti ni ule mpini wa kuzungushia soketi, wenye gia ya meno ndani. Meno 24 yanakupa digrii 15 kila ukirudisha mkono, meno 72 digrii 5. Meno mengi yanasaidia sehemu finyu ila usinunue kwa idadi ya meno tu. Vesha soketi, shikilia soketi kwa vidole viwili kwa ulaini, rudisha mpini. Soketi ikirudi na mpini maana yake racheti ni nzito ndani, na ukiwa umeingia chini ya gari nati iliyolegea itakuwa inarudi nayo badala ya kufunguka. Geuza kiswichi mara kadhaa, kisikae katikati bila kuamua. Vuta kichwa uone kinavyocheza. Na angalia nyuma kama inafunguliwa kwa skrubu, racheti unayoweza kuifungua, kuisafisha na kuipaka grisi kidogo inaishi, iliyofungwa jumla ikijaa mchanga ndo basi tena.

Hatua ya 6: Kroma na hewa ya bahari

Sisi wa pwani tusiipite hii. Pitisha kidole kote, hasa kwenye kona na kwenye maandishi. Vipele, malengelenge au sehemu zenye kijivu ni kroma iliyopakwa juu ya chuma ambacho hakikusafishwa, chumvi itaingia hapo na kroma ikianza kubanduka inakata mkono kama wembe, ni hatari kweli. Spana isiyo na mng'ao wa kioo lakini iliyo laini sawasawa kote ni bora kuliko ile ya kujitazamia uso yenye vipele.

Hatua ya 7: Ukifika nyumbani, siku hiyohiyo

Chukua tupa laini, ipitishe sehemu isiyoonekana ya spana mpya, halafu ipitishe hivyohivyo kwenye spana nzuri unayoijua. Linganisha. Watu wanakosea hapa, tupa ikikwaruza wanasema feki. Ugumu wa vyuma unapimwa kwa Rockwell C, spana nyingi nzuri ziko kama 40 mpaka 48, tupa yenyewe iko 60 na kitu, kwahiyo lazima itakwaruza. Unachotafuta ni tofauti: ikichimba kirahisi kama kwenye bolti ya kawaida basi hiyo ni laini.

Kisha funga bolti kwenye vaisi, vaa miwani, vuta spana kuelekea kwako kwa nguvu ya mkono, usikanyage wala usiweke bomba la kurefusha mpini. Toa, rudia kuivesha kwenye bolti mpya. Mdomo ukiwa umepanuka rudisha dukani na risiti yako ya EFD. Ndio maana nasema siku hiyohiyo. Na mambo ya "garantii ya maisha" iliyoandikwa kwenye boksi la Marekani, kwa mtu aliyeko Makorora haina kazi, garantii yako ni kauli ya muuzaji aliyekuuzia, muulize kabla hujalipa.

Karibuni kwa maswali.

---

Mdau wa Muheza: Mkuu shukrani. Kuna seti ya vipande 108 bei chee sana nimeiona, mimi natengeneza bodaboda, nichukue?

Jibu: Ndugu yangu hesabu ndani mna nini kwanza. Utakuta nusu nzima ni biti ndogondogo na eleni ki. Kwa boda we unaishi na 8, 10, 12, 14, 17, plagi spana, bisibisi na plaizi. Hela hiyohiyo nunua vichache vilivyosimama. Na bisibisi ya nyota angalia, skrubu nyingi za kabureta za Kijapani zina msalaba wa kipimo cha JIS (viwango vya Japani), bisibisi ya Phillips ya kawaida inaruka na kuula msalaba. Ikikaa bila kuruka ndo yenyewe.

Mdau: Mi naona mnajisumbua, zote China tu hizi.

Jibu: Mkuu nchi haikwambii ubora. Viwanda vya China vinatengeneza kwa bei uliyotaja, ukitaja ya chini unapewa ya chini, ukilipa vizuri wanakufanyia kitu cha maana. Taiwan nayo inatengenezea chapa nyingi kubwa za dunia. Ndo maana bolti zinakaa mfukoni.

Mdau (mwanafunzi VETA): Shikamoo fundi. Naanza field mwezi ujao, je nitumie soketi za kung'aa kwenye mashine ya upepo? Mwenzangu anafanya na hazijavunjika.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hapana, usifanye. Zile za kroma ni ngumu na ukuta wake mwembamba, mapigo ya mashine yanazipasua na kipande kinaruka. Kinaweza kwenda jichoni. Kwenye mashine tumia nyeusi za Cr-Mo zenye ukuta mnene, na miwani juu. Kuhusu kuanza, nunua seti moja ya soketi za nusu inchi (kipimo cha tundu la mraba) za kona 6 na spana za ringi na mdomo kuanzia 8 mpaka 19, mengine yatakuja kadri kazi inavyokutaka. Toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) ya bei ya chini inafaa kujifunzia, kipimo cha ISO 6789 kinaruhusu ikosee asilimia 4 juu au chini kuanzia 10 Nm kwenda juu, ila kabla ya kufungia silinda hedi ilinganishe na ya chuoni, na ukimaliza kazi irudishe kwenye kipimo cha chini kabisa, usiihifadhi ikiwa imekazwa.

Mdau wa Pongwe: Kaka na mitumba ya Japani vipi? Naona KTC na Tone zinauzwa chini kuliko seti mpya.

Jibu: Ukizipata nzima chukua, hizo ni za kiwango. Ila kagua mdomo kama umepanuka, na angalia rangi. Ukiona sehemu ina bluu au kahawia, iliwahi kupigwa moto, labda waliikunja iingie sehemu fulani, na hapo ugumu wake umeshapotea. Iliyokatwa au kuchomelewa achana nayo kabisa hata kama jina lake kubwa.

Mdau wa Deep Sea: Fundi mi nashughulika na mashine za boti, spana zangu zote zinaota kutu ndani ya muda mfupi hata zile za bei. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana mkuu, maji chumvi hayana adabu. Kroma sio chuma cha pua, ni ngozi nyembamba tu, na pale mdomoni inapolika kwa kazi chuma kinabaki wazi. Ukirudi suuza kwa maji baridi ya bomba, futa, anika zikauke kabisa, halafu pitisha kitambaa chenye oili ya injini kidogo. Usizifungie kwenye boksi la plastiki zikiwa na unyevu, na ile sponji ya ndani ya boksi itoe, inanyonya maji chumvi na kuyashikilia hapohapo kwenye soketi. Soketi nyeusi usizipeleke baharini, zinashika kutu haraka kuliko za kroma. Racheti ifungue, isafishe, tia grisi mpya nyepesi, ukiweka nzito vijino vya ndani vinagandia na itaanza kuteleza ukiwa umeikaza.