Jinsi ya kuandaa siku ya mto Sabaki mpaka ifike kule juu mlimani

Asalam aleikum na habari zenu nyote. Hii naandika kwa ajili ya wale wa Malindi, Mambrui, Ngomeni na hata huko Kipini wanaoniuliza vile tunafanya siku yetu ya mto, yaani mkutano wa kuunganisha sisi wa pwani na wenzetu wa huko juu maji yanakotoka, manake wengi wakitaka kuanza wanafikiria ni kuchapisha fulana, kuokota plastiki, kupiga picha na kwenda nyumbani. Nimeshaandaa mara kadhaa, zingine zikaenda vizuri zingine zikaharibika, ntaeleza zote.

Kabla ya hatua yoyote lazima uweze kumjibu mvuvi anayekuuliza, mimi wa baharini mlima unanihusu nini? Mwambie hivi. Maji ya bomba anayokunywa Malindi yanatoka Baricho, kando ya Sabaki. Sabaki ndo Galana, na Galana ni mto Athi uliotoka huko Ngong na Kikuyu ukakutana na mto Tsavo, unaoleta maji ya upande wa Kilimanjaro na vilima vya Chyulu. Jirani yetu Tana, unaomwagika Kipini, chanzo chake ni Nyandarua na Mlima Kenya. Sasa kule juu kabisa, kama mita 3,000 na kwenda mbele, miti mikubwa imeisha, kuna nyasi za mafungu mafungu na malobelia marefu kuliko mtu, na chini ni udongo mweusi ulioshiba maji. Mvua na ukungu vikitua pale vinanywewa alafu vinaachiliwa pole pole mpaka kiangazi. Zile nyasi zikichomwa, kama ule moto mkubwa wa Mlima Kenya Machi 2012, ama zikilishwa ng'ombe mpaka ardhi ikawa kipara, maji hayana pa kushikwa, yanateremka kwa pamoja na udongo juu yake.

Tope la Sabaki halitoki mlimani peke yake lakini, usidanganye watu, mengi ni ya mashamba na miteremko ya katikati. Wataalamu walipima tumbawe la zamani hapa hapa Malindi, la miaka 300 hivi, wakaona udongo uliongezeka sana kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, watu walipofungua mashamba huko juu. Hili tumbawe wavuvi wanalipenda sana kusikia kwa sababu ni shahidi wa kwao.

Hatua ya kwanza, usianzishe kikundi kipya. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Kenya vikundi viko tayari mto mzima, ni vile tu havijuani. Kule msituni kuna CFA, vyama vya jamii vya misitu, vilivyotambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2005 na tena ile ya 2016. Kwenye mito yenyewe kuna WRUA, vyama vya watumiaji maji, walikuja na Sheria ya Maji ya 2002. Na sisi huku chini tuna BMU zetu, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, tangu kanuni za 2007. Wa mlimani, wa katikati, wa baharini, wote wana mwenyekiti, wana katibu, wana siku ya mkutano. Kazi yako ni kutafuta namba za simu, basi. Mimi nilipata mtu wa kwanza wa juu kupitia dereva wa lori la viazi anayeshusha mzigo sokoni, nikamuuliza kwenu nani anashughulika na msitu, akanipa namba ya binamu yake. Huyo binamu akanipa wa Machakos, wa Machakos akanipa mwengine, ikachukua kama miezi miwili na vocha nyingi lakini ile orodha ndo mali.

Hatua ya pili ni tarehe, na hapa nisikize sana. Usiangalie kalenda ya ukutani, angalia mwezi. Mara yangu ya kwanza niliweka Jumamosi ya bamvua, yaani mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, viti mia nimekodi, spika iko, waliokuja hawakufika ishirini. Bamvua maji yanakauka sana asubuhi kama saa nne, na hiyo ndo saa watu wako mwambani wanatafuta pweza, utamwambia mama aache pweza wake aje akusikilize wewe? Nilikosea na nilimuomba radhi mwenyekiti wa BMU. Sasa nachagua maji mafu, zile siku bahari haijai wala kukauka sana, Jumamosi, sio Ijumaa kwa sababu ya swala wala Jumapili kwa wanaoenda kanisani, na sio mwezi wa Ramadhani. Mwezi wa tano mto umejaa na unaonekana ulivyo mwekundu ila barabara ni tope, kwa hivyo mimi hupenda mwezi wa sita mwanzoni.

Hatua ya tatu ni ruhusa, hazina ugumu. Barua kwa chifu, na kituo cha polisi wape taarifa isiyopungua siku 3 na isiyozidi siku 14 kabla ya mkutano. Kama mtagusa mikoko ongea na watu wa misitu kwanza.

Hatua ya nne ni chupa, na kama utaruka zote usiruke hii. Chukua chupa ya soda ya lita moja, iwe safi na isiyo na rangi, teka maji pale darajani Sabaki wakati mto umejaa, iweke mezani nyumbani isiguswe usiku kucha. Asubuhi tope litakuwa limekaa chini, pima kwa kidole, yetu ilifika upana wa kidole na zaidi. Andika tarehe kwenye karatasi ubandike. Waombe wale marafiki wa juu nao wateke yao wapige picha, ya kwenye kijito cha msituni utaona mpaka upande wa pili. Siku ya mkutano ziweke mezani na picha pembeni na usiongee, acha watu wazishike wenyewe. Bibi mmoja wa Mambrui alimwaga maji yote pole pole akabaki na lile tope kiganjani, akalisugua kwa kidole gumba, akasema, "Mwanangu, huu si udongo wa kwetu. Huu ni shamba la mtu." Watu walinyamaza kabisa. Mimi nilikuwa na hotuba ya nusu saa nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Baada ya chupa piga simu ya video ya mlimani, lakini usitegemee mtandao, huko juu unapotea. Waombe watume video fupi siku tatu kabla. Kijana mmoja wa CFA ya huko juu alitutumia moja, amechuchumaa kwenye nyasi na koti zito, ukungu umejaa nyuma yake, anang'oa kipande kidogo cha ile kitu ya kijani inayoota chini ya nyasi kama sponji, anaikamua kwa mkono mmoja na maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko, alafu anairudisha mahali pake na kuipigapiga ishike. Wazee walitaka irudiwe mara nne. Ami mmoja akauliza, kwani huko mvua inanyesha sasa? Hapana, akajibiwa, wiki mbili haijanyesha.

Chakula msijibane, mahamri na mbaazi na chai ya tangawizi inatosha, wapeni kinamama wa hapo hapo wapike na walipwe siku hiyo hiyo. Kupanda mikoko si lazima, na mkipanda muulizeni mzee wapi visiki vya zamani vilikuwa, msichomeke tu mchangani kwa sababu ya picha.

Hatua ya mwisho ndo inafanya huu mtandao wetu wa watu wa juu na wa chini usife. Fungua grupu la WhatsApp kabla watu hawajaondoka, wawili wawili kutoka kila kikundi, wasizidi arobaini, na sheria moja: hakuna siasa wala salamu za asubuhi, ni habari za mto tu. Moto ukionekana mlimani, andika. Mvua kubwa ikipiga, andika. Maji yanachukua siku kadhaa kutufikia na hizo siku zina thamani, mvua za 2024 watu wetu wa kando ya mto walihamisha mbuzi na mashine za maji kwa sababu ya ujumbe mmoja kutoka Machakos. Na sisi huku chini tusiwe wa kupokea tu, kila Jumatatu mtu wa BMU anapiga picha ya mto pale darajani na kuandika rangi yake na samaki gani wamepatikana, wale wa juu wanaisubiri. Wiki iliyopita iliandikwa hivi: "Maji yameanza kusafika, kamba wachache, mkizi wapo. Huko kwenu nyasi zimeota pale palipoungua?"